Minyoo ya Kambi ya Dhahabu

Mimi tangu utotoni ni mtu wa kinyaa. Kwetu, upande wa Songwa, watoto wenzangu walikunywa maziwa ya mgando kwa kupokezana kibuyu kimoja, kila mmoja akibandika midomo pale alipobandika mwenzake, na mimi nikakaa pembeni kungoja kata yangu peke yangu. Nikiona unywele kwenye ugali, siku hiyo sili tena. Mama yangu alikuwa akisema, "Wewe, ng'wanawane, mwanangu, ukiolewa utakufa na njaa nyumbani kwa watu." Hakukosea sana.

Niliolewa miaka ya hamsini ikianza. Mume wangu alikuwa kijana wa kwetu, lakini alikuwa ameajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, ukishapita Nyarugusu. Kazi yake ilikuwa matimba, yaani kusimika magogo huko chini ya ardhi ili mwamba usiwaporomokee watu. Nilipofika nilikuta tumepewa chumba kimoja kwenye nyumba za layini: vyumba vimeshikana kama punje za hindi, ukuta mmoja, bati moja refu, na nyuma yake choo kimoja cha shimo kwa ajili ya wote.

Sijui nikieleze vipi kile choo. Ukifungua mlango nzi walinyanyuka kwa pamoja kama kitambaa cheusi kinachokung'utwa, ukifunga wakatua tena, na wengine wakatua mdomoni mwako. Magogo ya kukanyagia yalikuwa na unyevu ambao haukuwa wa maji. Niliingia siku ya kwanza nikatoka natapika. Tangu siku hiyo nikafanya kama wanawake wengi wa layini walivyofanya: nikawa naenda vichakani, karibu na kijito, asubuhi kabla jua halijapanda.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja wa Kizinza, mtu mzima, mumewe akiendesha pampu ya kutoa maji mgodini. Hawakuwa na mtoto. Alinipenda tangu nilipomsalimia shikamoo ya kwanza, akanifundisha mahali pa kununua dagaa na jinsi ya kukaza fundo la kanga nisije nikaibiwa sarafu sokoni. Niliposhika mimba nikaanza kutamani udongo. Si kidogo. Niliota udongo. Mvua ikinyesha, ile harufu ya vumbi lililolowa ilinijaza mate mdomoni. Mimi niliyekataa kibuyu cha ndugu zangu nilikuwa nikibandua ukuta wa jiko kwa kucha na kulamba. Mama yule akanionea huruma. Akawa ananiletea udongo wa kichuguu, anaufinyanga vipande virefu kama vidole na kuukausha juu ya moto. "Kula huu," akaniambia. "Huu umepita motoni. Acha kula ukuta wa watu."

Wakati huo huo mume wangu alianza kuisha. Aliporudi kutoka shimoni alikaa kizingitini akihema kama mtu aliyepanda mlima, na hapo alikuwa ametembea tu kutoka getini. Uso ulimvimba asubuhi, miguu ikamvimba jioni. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na nilipomfunua kope la chini kuangalia jicho, ndani hapakuwa na wekundu wowote. Kwa Kiswahili ugonjwa ule unaitwa safura. Sisi tulikuwa tunauona tu kwa watu wengi pale kambini na kusema kazi ya shimo inanyonya damu.

Habari zikafika kwao, na mama mkwe wangu akaja. Alishuka kwenye lori la mkaa na mzigo wake: michembe ya viazi vikavu, samli, nyama kavu, na jogoo mmoja mwekundu amefungwa miguu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimtazama mwanawe, hakulia. Akazunguka chumba chetu, akafunua sufuria, akanusa mtungi wa maji, mwisho akainua kikapu nilichohifadhia udongo wangu.

"Hiki nini?"

"Udongo, mama. Nakula kwa sababu ya mimba."

"Umetoka wapi?"

Nikamwambia umetoka kwa jirani. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyotaja duka aliponunua chumvi.

"Jirani asiye na mtoto," akasema mama mkwe, "anamlisha udongo mke wa mwanangu mwenye mimba. Na mwanangu anakauka damu."

Kesho yake akanichukua hadi kwa mfumu, mpiga ramli, aliyeishi nyuma ya kilima. Huyo alikuwa mtu wa kutazama kwa kuku. Yule jogoo mwekundu ndiye aliyetumika. Mfumu alimchinja, akampasua, akachomoa matumbo yakiwa bado yana moto na yanatikisika, akayatandaza kwenye ungo na kuyapekua kwa kidole kimoja chenye ukucha mrefu. Nzi walikuja papo hapo. Akasema anaona mwanamke, anaona ukuta mmoja, anaona mkono mweupe kwa udongo. Mama mkwe akanigeukia akanitazama. Mimi nilikuwa nimeziba pua kwa kanga, nikitazama ule utumbo wa kijani ukijikunja wenyewe, nikiomba tu tuondoke pale. Sikusema neno la kumtetea yule mama. Niliogopa, na pia nilikuwa nimebana mdomo nisitapike mbele ya watu.

Layini haina siri. Kabla hatujafika nyumbani wanawake walishajua. Jioni ile mama wa Kizinza alitoka kuchota maji, na wote waliokuwa bombani wakaondoka na ndoo zao zikiwa nusu.

Wiki hiyo hiyo hospitali ya mgodi ikatoa amri. Kulikuwa na mganga msaidizi mpya, kijana wa pwani, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, shati jeupe lisilo na doa. Aliwaambia wanaume wote wa shimoni wapeleke choo chao ndani ya visanduku vya kiberiti. Kambi nzima ilicheka na kuona haya kwa pamoja. Wengine walipeleka cha mbuzi. Mume wangu alikuwa amechoka mno hata kufanya mzaha, akapeleka cha kwake, akaambiwa arudi kusikia majibu. Kwa kuwa hakuweza tena kutembea bila kushikiliwa, nilikwenda naye.

Chumba cha yule bwana mganga kilinuka dawa kali iliyokuwa ikishindana na harufu ya vile visanduku vilivyopangwa mezani. Mbele yake kulikuwa na darubini, chombo cha shaba, cha kutazamia vitu vidogo. Akamwambia mume wangu aangalie. Mume wangu akaangalia, akanyanyua kichwa, akasema, "Naona vitu kama mayai."

"Ndiyo mayai," akasema bwana mganga. "Yametoka kwako."

Nikaomba na mimi niangalie. Yalikuwa mayai kweli, ya mviringo mrefu, ngozi yake nyembamba ya kupenya mwanga, na ndani ya kila moja kumegawanyika vibonge, kama kitu kinachojiandaa. Mume wangu niliyelala naye kitanda kimoja alikuwa na hayo ndani. Nikaondoa jicho nikapangusa kope.

Bwana mganga akachukua chupa. Ndani, kwenye maji ya dawa, kulikuwa na minyoo myembamba mifupi, mirefu kidogo tu kuliko upana wa kucha, kichwa kimepinda kama ndoana. "Hawa ndio watu wako," akasema kwa upole, kama anatutambulisha kwa wageni. "Wamo mamia. Wana meno. Kila mmoja ameuma utumbo wako kwa ndani anakunywa damu, na akishiba hapo anahama, anauma pengine, na pale alipotoka panaendelea kuvuja."

"Nimewala wapi?" akauliza mume wangu. "Mke wangu anaosha kila kitu mara mbili."

"Hukuwala. Umewakanyaga."

Hapo akatueleza habari ambayo mpaka leo nikivua viatu naikumbuka. Alisema yai linatoka na choo cha mtu, linaanguka kwenye udongo wenye joto na unyevu. Linaanguliwa. Mtoto wa mnyoo anakaa pale, haonekani kwa macho, ameinua kichwa anasubiri mguu. Mtu akikanyaga pekupeku anapenya katikati ya vidole, na mtu huyo anahisi mwasho tu, anajikuna, anasahau. Mnyoo anaingia kwenye mshipa wa damu. Damu inambeba mpaka kwenye moyo, inamvusha moyo, inampeleka kwenye mapafu. Kwenye mapafu anatoboa, anapanda koo kidogo kidogo, mpaka mtu anakohoa.

"Na akikohoa?" nikauliza.

"Anameza mate, shemeji. Kama wewe unavyomeza sasa hivi."

Kweli nilikuwa nimemeza. Nikahisi kitu kikipita kooni, na sijui kama kulikuwa na kitu au hakuna. Nilitafuta dirisha nikatapika nje, juu ya maua ya Mzungu wa hospitali.

Niliporudi bwana mganga alikuwa akimuuliza mume wangu swali jingine. "Huko chini mnajisaidia wapi?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Kwenye njia za zamani," akasema mwishowe. "Zile tulizokwisha kuchimba. Kupanda juu na kushuka tena ni mbali, na msimamizi hataki."

"Kuna joto?"

"Sana."

"Na maji?"

"Kote ni tope. Tunapita hapo hapo na magogo begani."

"Pekupeku?"

"Katambuga za matairi zinanasa kwenye tope. Tunavua."

Nilimtazama mume wangu miguu yake, ile mikunjo ya vidole iliyokuwa imepasuka na kuwa na vidonda vidogo vidogo, ambayo nilikuwa nikiipaka samli kila jioni kwa vidole vyangu mwenyewe. Basi ilikuwa hivyo. Wanaume mia kadhaa walikuwa wakishuka ndani ya ardhi kutafuta dhahabu ya watu wengine, wakitembea juu ya vinyesi vyao, na minyoo ya mmoja ikipanda kwa mwingine. Tulikuwa tunanywana damu bila kujuana.

Nikamwuliza, "Na sisi tulio wasafi?" Nilitaka aniambie nimenusurika.

Akatabasamu. Aling'oa unywele mmoja wa kope lake mwenyewe, akauweka kwenye kioo na tone la mafuta, akatafuta sana na darubini, akang'oa mwingine, akatafuta, halafu akasema niangalie. Kwenye shina la unywele alikuwako mdudu mrefu, laini kama funza, mwenye miguu minane mifupi imekusanyika karibu na kichwa. Anaishi hapo, akasema, kichwa chini, kwenye tundu la unywele, na watu wazima wengi wanao, wasafi na wachafu, wafalme na wachunga ng'ombe, na hawadhuru. Alidhani ananifariji. Kwa siku nyingi nilikuwa nikikaa na kioo kidogo nang'oa kope mpaka macho yakavimba.

Kisha akanitazama viganja na mimi, akaniuliza kama nakula udongo. Nikaona haya. Nikakubali, nikamwambia na habari yote ya jirani na ya mama mkwe.

"Udongo haukukuletea ugonjwa," akasema. "Ugonjwa ndio uliokuletea hamu ya udongo. Mtu aliyepungukiwa damu hutamani udongo, mkaa, hata majivu. Damu ina chuma ndani yake, shemeji. Chuma kama hicho cha msumari. Ukikusanya chote kilichomo mwilini mwa mtu mzima unaweza kutengeneza msumari mdogo mmoja. Mumeo ameshanyang'anywa zaidi ya nusu ya msumari wake, na wewe unagawana wa kwako na mtoto."

Mume wangu akapewa dawa ya minyoo, na baadaye haluli ya kuendesha. Mimi, kwa sababu ya mimba, nikapewa vidonge vya chuma tu, vyeusi, vinavyoacha ladha ya kufuli mdomoni, nikaambiwa dawa ya minyoo nitapata nikishajifungua. Maana yake ni kwamba nilitakiwa kukaa na minyoo yangu miezi yote iliyobaki, nikijua wamo, niliowakanyaga pekupeku huko vichakani kando ya kijito.

Nyumbani tulimweleza mama mkwe yote. Alisikiliza vizuri, hakutukatiza. Tulipomaliza akauliza, "Hao wadudu nimewakubali. Nzoka za tumboni tangu zamani zipo. Lakini kambini watu ni wengi. Nani amewatuma kwa mwanangu?"

Mume wangu alianza kueleza tena habari ya njia za zamani, akaona haya kumtajia mama yake vinyesi, akaacha.

Asubuhi moja, siku chache baada ya hapo, nilisikia mama wa Kizinza akifungua mlango wake na kutoa sauti. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nikatoka. Mlango wake ulikuwa umepakwa mavi ya mtu. Umepakwa kwa uangalifu, kutoka juu mpaka chini, kwa ufagio wa chelewa ambao ulikuwa umetupwa pale pale. Komeo lilikuwa limejaa, na yeye alikuwa amelishika kufungua. Alikuwa amesimama ameuinua mkono wake mbali na mwili wake, kama si wa kwake.

Milango ya layini ilikuwa wazi nusu nusu. Wanawake walikuwa wakitazama. Mmoja alicheka.

Mimi, mtu wa kinyaa, sijui nilipataje nguvu. Labda ni kwa sababu kile kicheko kilinichafua moyo kuliko ile harufu. Nilichota maji nikammiminia mkono, nikamletea majivu akasugua. Halafu tukaanza na mlango, yeye na maji, mimi na fimbo yenye kitambaa. Nilipumua kwa mdomo. Nilipofika usawa wa macho nikaona kwenye ule uchafu vipande vyeupe bapa, kama mbegu za boga. Nikakisukuma kimoja kwa ncha ya fimbo. Kikajikunja. Kikajinyoosha tena kikaanza kutambaa.

Nilitupa fimbo nikakimbia mpaka hospitali na tumbo langu mbele.

Bwana mganga alikuja mwenyewe. Aliinama mbele ya mlango ule na shati lake jeupe, akachukua kipande kwa kijiti akakitia kwenye kichupa. Kisha akawatazama wanawake waliokuwa wakichungulia, akapaaza sauti, na Kiswahili chake cha pwani kilisikika mwisho wa layini.

"Shikamooni mama zangu. Aliyepaka hapa simjui, wala sitamuuliza. Ila nawaambieni habari yake. Ana tegu. Tegu ni mnyoo mmoja, peke yake, lakini akinyooshwa anazunguka chumba chenu mara mbili. Hana mdomo wala tumbo. Amelala ndani ya chakula cha mtu anakinywa kwa ngozi yake, usiku na mchana. Kila kipande chake ni dume na jike humo humo, kinajipa mimba chenyewe. Vipande hivyo hukatika vikatoka wakati vinapotaka, hata mwenyewe akiwa amelala, vinatambaa kwenye nguo. Aliye naye amempata kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Anaweza kuishi naye miaka mingi. Mimi dawa ninayo. Akija simuulizi kitu."

Akaondoka na kichupa chake. Hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake nilipokwenda kuchukua vidonge vyangu nikakuta wanawake wa layini wamejipanga kwenye veranda ya hospitali, wamejifunika kanga mpaka puani, kila mmoja akisema tumbo linamsumbua kidogo tu. Yule aliyecheka alikuwa wa mbele. Nilitamani kuwachekea, nikashindwa. Nilikuwa nikiwatazama na kuwaza kilichokuwa kikijikunja ndani ya kila kanga.

Mama mkwe hakuwa kwenye mstari. Alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda ameegemea ukuta. Hakuwa amegusa ile nyama yake kavu tangu jana. Nilipoingia akaniita karibu.

"Mkwe wangu. Huyo nzoka mrefu. Anaweza kupanda mpaka kooni?"

"Sijui, mama. Bwana mganga anasema anakaa tumboni."

Akajipangusa mapaja kwa viganja, kama anayepangusa wadudu. "Vile vipande," akasema, "mimi nilidhani ni mafuta ya nyama. Miaka yote nilidhani ni mafuta ya nyama."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa vidonge. Nilielewa alichoniambia, na yeye aliona nimeelewa. Ningetamani kusema kwamba nilimhurumia. Nilichohisi ni kwamba chakula chote nilichokula kutoka mkononi mwake, ule ugali aliousonga, ile michembe aliyoichagua kwa vidole, kilikuwa kinarudi juu kimoja kimoja.

Mwanawe hatukumwambia. Nikampeleka mama mkwe hospitali mimi mwenyewe mchana, kwa njia ya nyuma. Bwana mganga alitimiza ahadi yake, hakuuliza kitu. Alimfungisha, asile, kisha akampa dawa chungu ya majani na baada yake haluli, akaniambia mimi kazi yangu. Kila kitakachotoka kiingie ndoo yenye maji ya uvuguvugu, kisha kichujwe kwa kitambaa mpaka kichwa kionekane. "Kichwa ni kidogo kama ncha ya pini," akasema. "Kikibaki ndani anaota upya wote. Mtafute kichwa."

Mama mkwe alikaa kwenye ndoo nyuma ya chumba chetu, mume wangu akiwa hayupo, mimi nimemshika mabega. Sitasema yote. Mnyoo alitoka mweupe kama utepe, anatoka, anatoka, na mama mkwe akilia kwa aibu akiniambia nivute, na bwana mganga alikuwa amekataza nisivute. Alipomaliza tukaona kwenye ndoo lile fungu la utepe unaosogea taratibu kama unapumua. Ilibidi mtu aingize mikono. Niliinama nikapatwa na kizunguzungu, nikakaa chini, nikatapika mpaka nyongo ikatoka.

Mama wa Kizinza alikuwa kwake, upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule haukuficha kitu. Alitokea kwenye kona. Aliitazama ndoo, akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi. Akakunja mikono ya gauni lake. Akachuchumaa, akaanza kumpitisha yule mnyoo kati ya vidole, kipande kwa kipande, akimimina maji, vipande vikizidi kuwa vyembamba, mpaka vikawa kama uzi. Mama mkwe alikuwa ameketi ardhini, kanga imemwanguka kichwani, anamtazama.

"Hiki hapa," akasema mama wa Kizinza. Juu ya ncha ya kidole chake kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya uwele, chenye madoa manne.

"Ndicho?" akauliza mama mkwe.

"Si ndicho mlichokuwa mnakitafuta?"

Mama mkwe akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kitupe mbali, mayu." Mayu kwetu ni mama, ndivyo anavyoitwa mtu unayemheshimu.

Hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake, na hakuomba nyingine. Mama wa Kizinza naye hakudai. Alinawa mikono kwa majivu mara nyingi, akaingia kwake akafunga mlango. Haikupita muda mumewe akapata kazi kwa wachimbaji wa upande wa Rwamgasa, wakahama. Aliniaga, lakini hakuwaaga wengine. Nilimtafuta baadaye kwa kuuliza watu, sikumpata.

Mgodini waliteremsha ndoo zenye vifuniko, na mwaka uliofuata watu wa shimoni wakapewa viatu vya mpira. Mume wangu alirudiwa na damu polepole. Nilijua siku nilipomfunua kope nikaona wekundu. Nilijifungua mtoto wa kike, mdogo sana, mwenye sauti kubwa. Dawa yangu ya minyoo niliinywa kabla hata sijaambiwa.

Mama mkwe alirudi Songwa. Tulipokwenda kumsalimia mwaka mwingine, na mtoto wetu mgongoni, nilidhani jambo lile limezikwa. Tulikuwa tumekaa na wageni wengi, nyama imeletwa, imeiva mpaka imekauka, maana siku hizo alikuwa akiichemsha kutwa nzima. Mgeni mmoja akalalamika tumbo. Mama mkwe akaweka tonge chini, macho yakamng'aa.

"Wewe tumbo gani?" akasema. "Mimi nimezaa nzoka. Kutoka mlango huu mpaka zizini kwa ng'ombe, na kurudi. Muulizeni mkwe wangu, alikuwapo."

Wote wakanigeukia wakingoja nieleze. Mbele yangu walikuwa wameniwekea bakuli la mlenda, unavutika. Nilinyanyuka nikamchukua mtoto, nikatoka nje, na nyuma yangu nikamsikia akianza upya, na safari hii yule mnyoo alikuwa ameshafika kisimani.